Fasi Kubwa, Lakini Fasi Gani?

Katika Kiswahili chetu cha Bukavu tuko na neno moja linalotudanganya kila siku. Neno hilo ni "fasi". Mtu akiingia mu nyumba iliyojaa watu anauliza: "Fasi iko?" Ni kusema, nitapata pa kukaa? Na mtu akipotea njia anauliza: "Hapa ni fasi gani?" Ni kusema, niko wapi? Vitabu vya Kiswahili tunavyofundishia mu kalasi vinatenganisha mambo hayo mawili: huku nafasi, kule mahali. Sisi tumeyapika mu chungu kimoja. Silaumu lugha yetu, ni tamu na inatutosha kwa mengi. Lakini siku mtu anapotaka kununua nyumba ya familia (sisi tunasema "kuuza nyumba", na anayeitoa ndiye "anauzisha", mgeni kutoka Tanzania anaweza kukimbia na feza zake kabla hajatuelewa), siku hiyo neno moja halitoshi. Anatafuta fasi kubwa ao fasi nzuri? Akijibu "fasi" tu, hajajibu kitu.

Ninaandika juu ya jambo ambalo liko mu familia nyingi za mji huu, na sasa limeingia kwetu. Mwaka 1978 baba yetu alinunua nyumba ya vyumba vitatu mu Kadutu, si mbali na soko kubwa. Parseli ni metre 12 kwa 15. Baba alifariki 2011, na mama anaishi humo mpaka leo. Sasa mkubwa wetu, mtoto wa kwanza, ameleta neno: tuiuzishe nyumba ya Kadutu, na kwa feza hizo tununue parseli ya metre 40 kwa 50 upande wa Kavumu, tujenge huko nyumba ya familia "kama nyumba ya Mushi", na migomba, na mbuzi, na fasi ya wajukuu kukimbia. Anasema hiyo ndiyo desturi. Anasema mababu hawakuishi kama sambaza mu sahani. Baba mdogo mmoja amemkubali, shangazi amepiga makofi, dada yetu amenyamaza. Mimi sikubali. Na kwa kuwa mkubwa amekwenda kutafuta ngao yake mu desturi, ninamjibu hapa, mu kitabu cha desturi, si mu salon ya mama ambamo mdogo haachiwi kumaliza sentensi.

Tena si yeye peke yake. Mu vikao vya chama chetu, kila mara mada ya nyumba inaposimama, sisi tuliosoma ndio wa kwanza kusifu uwanja mpana wa babu. Sisi hasa! Watu ambao hatujashika jembe msimu mzima tangu tulipopata diplome.

Tuanze basi na mababu, kwa sababu ndio wanaoitwa kutoa ushahidi. Katika Bushi ya zamani mtu hakununua metre. Ardhi ilikuwa mikononi mwa Mwami, na chini yake machefu wa milima. Mtu aliyetaka fasi ya kujenga na kuwaachia watoto alitoa kalinzi: ngombe, mbele ya mashahidi, baadaye zikaingia mbuzi na feza. Wazungu waliandika kwamba kalinzi ni bei ya shamba, na wengine wetu tukawafuata, lakini bei inakwisha siku unapolipa. Kalinzi ilikuwa inaanza siku hiyo. Chefu alikupokea, ukawa mtu wake, ukamtolea heshima na kazi, naye akakulinda wewe na watoto wako juu ya mlima ule. Yule aliyekosa ngombe alichukua bwasa: alilima msimu ao mwaka, akamtolea mwenye shamba pombe, kuku ao siku za kazi, kisha akarudisha.

Kati ya hao wawili kulikuwa na katazo moja ambalo wasifu-uwanja wanalisahau. Mtu wa kalinzi alipanda migomba. Mtu wa bwasa alikatazwa kuipanda. Maharagwe, ndiyo. Viazi, ndiyo. Mtama, ndiyo. Mgomba, hapana. Kwa sababu gani? Kwa sababu maharagwe yanavunwa na kwisha, lakini mgomba unazaa watoto kando yake, na watoto wanazaa wengine, na aliyepanda migomba hatoki tena. Mtu aliweza kulima bwasa pana kuliko kalinzi ya jirani yake, na bado jirani ndiye alikuwa mwenyeji, na yeye wa bwasa mpita njia. Upana haukumsaidia kitu. Swali la wazee halikuwa "una metre ngapi?" Swali lilikuwa: nani alikuona ukitoa ngombe? Nani wa mlima huu atasimama na kusema huyu ni wetu?

Nitajibiwa kwamba Bashi hawakujenga vijiji vya kubanana, kila mji ulikaa peke yake mu migomba yake. Ni kweli, na sikatai. Lakini nyumba zile zilikuwa kwenye mlima mmoja, njia ya maji ilikuwa moja, na mama akipiga kelele usiku, mji wa pili ulisikia. Na upana ule haukuwa pambo. Ulikuwa kazi. Migomba ilitoa kasiksi na chakula, ngombe alitoa samadi ya kurudishia migomba, watoto walichunga, wanawake walilima. Kila metre ilikuwa na mikono yake. Ukiitoa mikono, ile fasi kubwa inabaki kichaka na mlinzi wa kulipwa.

Sasa nimuulize mkubwa wangu, na heshima yote ya mdogo: yaya, mikono ya Kavumu itatoka wapi? Wewe mwenyewe unaishi Kinshasa, mu komini ya Gombe, mu apartema ya etaji ya tatu. Nilifika kwako. Vyumba viwili na balkoni ambayo wifi yetu anaanikia nguo. Nilikuuliza kwa nini hukuchukua nyumba yenye uwanja kule Mont-Ngafula, ukanijibu: "Mudogo wangu, na kazi nitafika saa ngapi?" Jibu zuri sana. Kwako wewe ulichagua karibu, ukaacha pana. Kwa mama unachagua pana, na unaiita desturi.

Kuna jambo lingine. Fasi kubwa ya babu haijapotea. Iko Walungu, kwenye kalinzi ambayo babu alitoa ngombe wake, na baba mdogo wa kijijini ndiye anailinda peke yake. Migomba yake imepigwa na ule ugonjwa wa mnyauko ambao ulionekana Masisi mwaka 2001, kisha ukatelemka mpaka kwetu. Kila mgomba ulioshikwa unapaswa kukatwa, panga linaoshwa na javeli ao kupitishwa mu moto, na machipukizi mapya yanatafutwa fasi ambayo haijaugua. Hiyo ni kazi na feza. Baba mdogo alituandikia watoto wote wa ndugu yake. Nani alijibu? Mkubwa alifika kule mara ya mwisho 2012, wakati wa kuweka msalaba. Yule anayetamani migomba ya babu, migomba ya babu inamngoja, na inakauka. Haihitaji kuuzisha nyumba ya mjane ili kuipata.

Sasa tuingie mu jambo la karatasi, kwa sababu hapo ndipo watu wanaumia. Sheria ya 20 Julai 1973 ilisema ardhi yote ni mali ya Serikali. Raia anapewa konsesyo, na hati inayomlinda kweli ni sertifika inayoandikwa na Konservateri wa hati za ardhi. Sertifika ikipita miaka miwili, si rahisi mtu kuitikisa tena. Sheria ile ile ilikuta watu wa vijijini wakikaa kwa desturi, ikaahidi kwamba Rais atatoa ordonansi ya kupanga haki zao. Miaka makumi ikapita bila ordonansi hiyo kutoka. Katika shimo hilo ndimo biashara ya pembeni ya mji ilizaliwa. Chefu anauzisha kama kwamba ni kalinzi, mnunuzi analipa dola kama kwamba ni soko, na karatasi wanayotia sahihi si hii wala ile. Chefu hampokei mtu, anapokea feza. Mnunuzi haingii mlimani, anaingia mu ukuta wake. Kalinzi imebaki jina.

Ninasema hivyo kwa sababu nililipa karo ya somo hilo. Mwaka 2010 mimi na mke wangu tulinunua metre 25 kwa 40 juu ya mlima mmoja nje ya mji. Mimi pia nilikuwa nimelewa uwanja mpana. Tulikuwa na karatasi yenye mhuri wa chefu na mashahidi wanne. Tukajenga nyumba ya mbao na mabati, tukapanda maparachichi na migomba, nikajiona mtu mzima. Mwaka 2013 akaja mtu na karatasi nyingine ya parseli ile ile, yenye tarehe ya zamani kuliko yetu. Nikaenda mu biro moja ya serikali ambayo sitaitaja. Walitoza feza ya kupima, kisha wakatoza tena feza ya kupima, kisha dosie ikapotea. Nikaenda kwa mashahidi wangu. Mmoja alikuwa amekufa, wawili wamehama, na wa nne aliniambia kwa upole: "Mwalimu, mimi sikumbuke muzuri." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hanijui. Kwa miaka mitatu nilipita mbele ya mlango wake asubuhi kabla ya jua na kurudi usiku. Angenikumbuka kwa nini? Wazee wa mlima wakatupatanisha: nikapoteza sehemu moja ya tatu, upande wenye maparachichi.

Sikuondoka kwa sababu hiyo, lakini. Niliondoka kwa sababu ya miguu ya mke wangu. Robine ilikuwa bondeni, na mvua ikinyesha taksi-moto hazikupanda. Watoto walitoka nyumbani saa kumi na moja asubuhi ili wafike masomoni saa moja na nusu, wakasinzia mu kalasi, na mwalimu wao alikuwa rafiki yangu, akawa ananificha aibu. Mwaka 2016 tulishuka, tukarudi kupanga nyumba ndogo mu Kadutu. Shangazi ananiita "mupangaji" mbele ya watu. Ndiyo, ninapanga. Na watoto wangu wanakula chakula cha saa sita wakati wa saa sita.

Wenye kupenda hesabu, tufanye hesabu ya Kavumu. Kutoka mji mpaka kule ni kilometre karibu 30, njia ile ya uwanja wa ndege. Kwa mama wanaishi sasa dada yetu, binti wawili wa dada wanaosoma, na mama mwenyewe. Wote wanne wana kazi ao masomo ao soko mu mji. Watu 4, kushuka na kupanda mara 2, siku 6: ni safari 48 kila juma, karibu 200 kila mwezi. Weka bei unayotaka ya taksi-bisi, na usisahau siku ambazo mafuta yanapanda. Baada ya hapo uniambie nani analipa. Mkubwa atatuma? Anatuma vizuri, sitamsengenya, lakini anatuma anapoweza, na taksi inalipwa kila asubuhi.

Na mama. Mama ana miaka 74. Anauzisha sambaza na vitunguru mu soko ya Kadutu, kwenye meza ile ile tangu sisi tulipokuwa wadogo. Si juu ya feza tu. Nyingine zinakwisha mu likelemba na nyingine anawakopesha watu wasiorudisha. Ni juu ya kwamba anatoka mlangoni saa mbili, na kabla ya kufika sokoni watu ishirini wamemuita kwa jina. Shirika yake inakutana kwa zamu mu nyumba za avenyu. Usiku mmoja wa 2019 pressure ilimpanda. Gari haifiki kwenye mlango wetu, mu Kadutu njia nyingi ni ngazi za udongo. Vijana wanne wa majirani walimbeba mgongoni kwa kupokezana mpaka barabarani, tukapata taksi, tukafika hospitali akiwa bado anasema. Mmoja wa vijana hao baba aligombana naye miaka na miaka kwa sababu ya redio. Kule kwenye metre 40 kwa 50, ukuta wa tofali na mbwa, nani atabeba?

Hatujasahau pia siku za vita. Mwezi wa sita 2004, na tena mwezi wa pili 2025, vita ilipoingia mu mji na wezi wakapata saa yao, mu avenyu yetu watu walilala kwa zamu. Nyumba iliyoona kitu ilipiga sufuria, ya pili ikajibu, ya tatu ikajibu, mpaka mlima mzima ukalia. Sisemi hakuna aliyeibiwa. Ninasema hakuna aliyelia peke yake. Mababu, mji wa kwanza ulipopiga kelele na mji wa pili ukasikia: nilikwisha kuyasema hapo juu. Fasi ile iko wapi leo? Mimi naikuta mu Kadutu kabla ya kuikuta nyuma ya ukuta wa Kavumu.

Sitadanganya wasomaji kwamba Kadutu ni paradiso. Wabelgiji waliifanya kuwa fasi ya wafanyakazi weusi, wakati wao wenyewe wakichukua rasi za ziwa, na walihesabu watu wachache. Kisha ikaja vita ya 1996, na ya 1998, na watu wa vijijini wakakimbilia mji, wakajenga juu ya kila mteremko uliobaki. Nyumba za mbao zimegusana. Moto ukianza mu moja, unachukua avenyu. Mvua ikinyesha sana udongo unatelemka na nyumba. Tulitikisika na tetemeko la 3 Februari 2008, na ukuta wa jikoni yetu una ufa mpaka leo. Choo tunatumia na majirani. Makelele ya kanisa za usiku na baa yanapambana, hujui nani atashinda. Mimi mwenyewe nililala mu salon, chini ya meza ya kulia, mpaka nilipokwenda ISP, na ninajua ubaya wa kusoma mtihani na miguu ya wageni karibu na kichwa. Anayetaka fasi kubwa hana wazimu. Ana uchovu, na uchovu wake ni wa kweli. Kasoro ni kuuita uchovu huo "desturi", kisha kuutumia kumng'oa mwanamke mzee.

Wengine wananionyesha Panzi. "Angalia," wanasema, "zamani Panzi ilikuwa kama kijijini, hospitali ilianza 1999, leo ni mji kabisa. Waliotangulia kununua fasi kubwa kule walicheka sisi wote." Hoja hiyo ina nguvu, nikiri. Lakini tuitazame mpaka mwisho. Mji ulipowafikia, walifanya nini na fasi yao kubwa? Waliikata. Kipande cha kulipia masomo ya mtoto, kipande cha kulipia hospitali, kipande kwa mkwe, kipande kilichochukuliwa na mtu mwenye karatasi nyingine. Wengi wao leo wamekaa kwenye metre 10 kwa 15, sawa na Kadutu, ila wao walingoja barabara, maji na stima miaka mingi, na watoto wao walikua katika kungoja huko. Kijana asiye na mzazi mjini, mwenye nguvu na miaka ya kungoja, anunue mbali, sitamzuia. Lakini mama hana miaka ya kungoja mji umfikie Kavumu.

Wako pia wale wa upande mwingine, wanaotoa dola nyingi kwa kipande cha metre 8 karibu na maji, Muhumba ao Nguba, ili tu waweze kusema jina la kartie. Wanajaza mawe mu ziwa ili wapate uwanja. Hao siwatetei, hata kidogo. Fasi nzuri si jina. Jirani ambaye hujui jina lake baada ya miaka mitano, awe Muhumba ao awe Kavumu, ni ukuta.

Yaya ananiambia pia kwamba yeye ni mrithi wa kwanza na neno lake linatosha. Hapana. Sheria ya familia ya 1 Agosti 1987 inawaweka watoto wote mu kundi moja, mkubwa na mdogo, wa kiume na wa kike, kwa hiyo kunyamaza kwa dada yetu si ruhusa. Sahihi yake inatakiwa. Na sheria hiyo hiyo inamupa mjane haki ya kuendelea kukaa mu nyumba aliyokaa na bwana yake. Ni kusema, hata kama sisi wote tungekubali, mnunuzi mwenye akili hatatoa feza mama angali mlangoni. Na hapo ninaogopa kitu ambacho nimekiona mu familia za watu: wanaanza kumchosha mzee. Mmoja anasema ngazi ni mbaya kwa magoti yake. Mwingine anasema moshi. Wa tatu anamualika "kutembea kidogo" kwa miezi mitatu. Anaporudi, mlango una kufuli nyingine.

Pendekezo langu ni hili, na nimekwisha kuliandika mu karatasi kwa ajili ya ndugu zangu. Sertifika ya baba ibaki mu sanduku la mama. Baba alifuatilia hati ile mpaka mwisho, miaka na miaka ya kupanda ngazi za maofisi, na hakufanya hivyo ili tuibadilishe na mhuri wa chefu. Jiko la zamani lenye ufa libomolewe. Pale na kwenye banda la kuku kuna fasi ya vyumba viwili vya tofali, na fundi amekwisha kupima. Paa la mbao upande wa jirani liondolewe, juu ya moto. Choo kichimbwe chetu. Mkubwa akiona sehemu yake imelala bure, sisi wawili tuko tayari kumlipa kidogo kidogo, kwa maandiko, mbele ya mashahidi wa avenyu. Na ile feza aliyoahidi kuanza nayo ukuta wa Kavumu, nusu yake tu iende Walungu kwa baba mdogo, atafute machipukizi mazima. Wajukuu wakitaka kukimbia, wakati wa vakansi wataenda kukimbia kule, mu migomba ambayo ngombe wa babu aliilipia.

Familia itakutana siku ya mungu ya pili ya mwezi unaokuja. Mama amekwisha kuambiwa. Dada alimsomea bei ya parseli, metre zake, na picha mkubwa aliyotuma mu simu. Mama aliangalia picha muda mrefu, akasema ni nzuri, udongo ni mwekundu kama wa kwao. Kisha akauliza: "Na bamama ba shirika, batafika kule na nini?" Dada alimpelekea mkubwa swali hilo kwa simu siku ile ile. Mpaka ninapoandika mstari huu hajajibu.